Ndege ya Mzee Melkior

"Ukiiangusha tu, baba, naondoka nayo Dar leo leo," alisema Jovin, na safari hii hakuwa anatania.

Mzee Melkior alisimama katikati ya njia ya zamani ya ndege za kunyunyizia dawa, huko tambarare chini ya Moshi, kofia imekaa upande, rimoti inaning'inia kifuani kwa mkanda. Mbele yake ndege nyekundu, ndefu kama mtu mzima, ilitulia juu ya magurudumu yake madogo. Usidhani ni mdoli wa betri wa madukani. Hii ilikuwa na injini ya jeti yenyewe, kubwa kama chupa ya chai, inayokunywa mafuta ya taa. Ikiwashwa nyumbani Uru kwa majaribio, mbwa wa kijiji kizima huingia uvunguni.

Sasa mzee mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili ana kazi gani na kitu kama hicho? Hilo ndilo lililomkera Jovin tangu afike kwa Krismasi. Siku ile baba alimkumbatia dereva wa bodaboda kwa machozi, akamwacha mwanawe mwenyewe kasimama na mabegi. Kesho yake akatia chumvi kwenye chai, akainywa yote kwa ubishi. Na mtu huyo ndiye anarusha dude linalokwenda mbio kuliko gari la barabara kuu! Likimpata mtoto wa mtu kichwani je?

Basi wakaitisha kikao cha familia, kama kila Desemba. Mzee akawekwa kati. Mama yao, Bernadetha, alikaa pembeni akimenya ndizi za mtori, na hakuna aliyemwuliza neno. Angeulizwa nini? Miaka yote wimbo wake ulikuwa mmoja: "Mimi na hilo lidude lenu hatujuani." Kazi yake ilikuwa kutunza ufunguo wa stoo ambamo ndege ilitengenezwa, kwa amri ya mzee, na kumsindikiza uwanjani, akae ndani ya pikapu na chai. Jovin alishamnunulia jiko la gesi, lakini mama bado alinuka mafuta ya taa. Wazee na mazoea yao, jamani.

"Afadhali ni baba," dada yake Jovin, Gladys, alitania. "Angekuwa mama ndiye anarusha madude, jumuiya nzima ingehamia hapa kumwombea mapepo yamtoke!"

Wote wakacheka. Mama naye akacheka, kisha akaikata ndizi kwa nguvu kidogo.

Kikao kikaamua mzee aache. Hapo mzee akasimama, fimbo chini puu! "Siachi! Nimewalimia kahawa, nimewasomesha, nimewaozesha. Hili siachi. Mnangoja ianguke? Njooni kesho muione ikianguka!"

Na kesho yenyewe ndiyo hii. Ndugu zake Jovin walikuwa wameuchuna, wamebaki nyumbani, wakamwachia yeye, kifungua mimba, aibu ya kumnyang'anya mzee ndege yake.

"Mama Jovin, chai ipo?" mzee aliita, shingo kaigeuzia pikapu.

"Ipo," mama akajibu kutoka ndani.

Injini ikaanza na mluzi mwembamba, kisha ikanguruma mpaka Jovin akaisikia tumboni. Ndege ikakimbia, ikainua pua, ikapaa. Jovin alikuwa amejiandaa kukasirika, lakini alibaki mdomo wazi. Iliikata anga kuelekea kilele cha Kibo, ikapinda, ikajiviringisha mara mbili, ikarudi ikipita kichwa chini juu ya utosi wake.

Mzee alicheka kwa dharau tupu. "Sema tena niache! Sema sasa, mheshimiwa wa Dar!"

Jovin alikaribia kusema basi, baba, nimeshindwa. Lakini akamtazama usoni. Ndege ilikuwa kulia. Baba alikuwa anatazama kushoto.

"Baba, iko wapi?"

"Si iko huko juu?"

Huko juu! Mungu wangu! Na yenyewe ilikuwa imeshageuka, inashuka, imewaelekea wao moja kwa moja. Jovin hakufikiri. Alimrukia baba yake, akaipokonya ile rimoti mpaka mkanda ukakatika. Akasukuma kijiti ili ndege ipande. Haikupanda. Akakivuta kushoto, akakivuta kulia. Wapi! Ndege ilizidi kuja kana kwamba hayupo.

"Lala chini, baba!"

"Nilale nimechoka?" mzee akajibu, na wala hakusogea.

Ndege ikateremsha magurudumu. Ikainamisha bawa moja kidogo kuukabili upepo, ikajinyoosha, ikagusa lami taratibu, ikatembea mpaka karibu na kiatu cha mzee, ikasimama. Injini ikazima. Jovin alikuwa bado anakisukuma kile kijiti, jasho linamtoka.

Mlango wa pikapu ukafunguka. Mama yake akashuka, rimoti nyingine mkononi, vidole gumba bado viko juu ya vijiti.

"Mrudishie baba yako boksi lake, halina hata betri," alisema. "Halafu njoo hapa, Jovin, uniambie mimi niache."