Sauti Iliyovuja

Twaibah alirudisha rekodi nyuma, akaongeza sauti, akazibana hedifoni masikioni kwa viganja vyote viwili.

Asubuhi hiyo kijana mwenzake wa kurap alikuwa amemtumia ubeti wake kutoka Mbale, alikohamia kikazi, ili yeye auchanganye na midundo huku Jinja, katika chumba chake cha mtaa wa Walukuba chenye godoro lililoegemezwa ukutani kuzuia mwangwi. Tangu shuleni walikuwa wakirap pamoja: ubeti wa kijana, kisha wa Twaibah.

Sasa, pale kijana aliponyamaza kumwachia nafasi, palisikika mnong'ono. Wimbo ulikuwa umevuja kutoka kwenye hedifoni za kijana ukaingia kwenye maiki. Hilo hutokea. Lakini ndani ya wimbo huo, mahali pa ubeti wa Twaibah, alikuwa akirap msichana mwingine.

Alisikiliza tena. Sponji ya hedifoni ilikuwa imelowa jasho, ikamnata shavuni. Msichana alikuwa anajua kurap. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Simu ikaita.

"Afande wangu," kijana alisema kwa uchangamfu, akimwita kwa jina lao la utani, "sauti iko sawa?"

"Yako iko sawa. Nirekodi yangu?"

"Yako usihangaike nayo kwanza. Changanya tu hiyo, unitumie."

Twaibah aliitazama maiki iliyokuwa ikimngoja nyuma ya blanketi.

"Ya huyo msichana iko chini sana," alisema. "Mwambie asogee karibu na maiki."

Nyuma ya kijana, huko Mbale, mtu aliyekuwa akicheka akanyamaza.