Radhi za Bi Sikudhani

Miaka hiyo, mfanyakazi aliyechoka hata akili ikagoma alipelekwa safari ya peke yake, miezi mitatu, na nyumbani kwake ikaachwa mashine ya kumshikia nafasi, yenye ngozi yake, sauti yake na hata harufu yake. Ndivyo sheria ilivyokuwa. Mwanakombo, muuguzi wa wodi ya wazazi, alikwenda milimani, akalala, akatembea, akajifunza kucheka tena. Aliporudi mashine ilikuwa imeshachukuliwa, na mama yake kipofu, Bi Sikudhani, hakuwa na habari kwamba binti aliwahi kutoka.

Mwanakombo alikaa kitandani kumkanda mama miguu.

"Leo mikono yako imetulia," mama akasema. "Zile radhi zimekuingia."

"Radhi gani, mama?"

"We mtoto, ushasahau? Mwezi wa Rajabu nilipozidiwa, nikajua siamki. Nikakushika kichwa nikakuridhia, maziwa yangu na uchungu wangu wote. Ukalia kwa kwikwi."

Mwanakombo aliacha kukanda. Mwezi wa Rajabu alikuwa kule milimani Lushoto akiota jua, akimshukuru Mungu kwa usingizi. Kichwa kilichoshikwa kilikuwa cha plastiki.

"Mama, niridhie tena."

Bi Sikudhani akacheka kidogo. "Tena? Kwani umenikosea nini tangu siku ile?"

Kujibu ni kumwambia mama mgonjwa kwamba alimwachia mashine. Mwanakombo akachovya vidole kwenye mafuta ya nazi, akaendelea kumkanda.

"Hujanijibu, mwanangu," mama akasema.