Shati la Saba

Eufrasia na wanakwaya wenzake watano walikaa sebuleni kwake kupanga safari ya siku mbili, kwenda mji mmoja wa kale wenye mashamba ya zabibu. Yeye ndiye aliyepeleka vipimo vya sare kwa fundi. Alipofungua furushi lililotoka kwa fundi, mashati yalikuwa saba.

"Fundi kakosea, dada," alisema Tito, kiongozi wao.

"Hajakosea. Nilimtajia vipimo vya kila mtu, na vya Gervas vikanitoka tu."

Gervas, mumewe, walimzika mwezi wa Pili. Wao hao ndio waliomwimbia.

Tito aliinamia karatasi ya viti vya gari. "Dirishani akae nani?"

"Gervas. Njiani roho humchafuka."

Tito akaliandika jina. Eufrasia akaanza kulifunga lile shati la saba vifungo, kimoja kimoja, mpaka cha shingoni.