Gauni Jeupe Chini ya Gari

Mama Spana alilala chali chini ya gari la mumewe akiwa amevaa gauni jeupe, lile lile la harusi ya binti yao.

"Utajuta, mke wangu," mzee alisema. "Likidondoka tone moja tu hapo, naliuza gari."

Gari hilo la mbio, la tangu ujana wao, huhifadhi oili kwenye tangi la pembeni, na nati ya kuimwaga imetazamana na chuma cha fremu, hivyo oili hugonga chuma na kuruka. Kila mzee alipoibadilisha ilimrukia, akatoka mweusi kama kitako cha sufuria, akiapa kuliuza. Leo mnunuzi alikuwa getini, anapiga honi.

Mama Spana akapachika mfereji wake chini ya nati. Aliukunja mwenyewe kwa nyundo kutoka mkebe wa biskuti, na ua jekundu la mkebe bado lilionekana. Akafungua.

Oili ikatoka kwa pupa, ikakutana na lile ua, ikatulia kama mkwe ugenini, ikateremka yote kwenye beseni.

Akajiburuta nje, akajizungusha taratibu.

"Haya, baba watoto. Tafuta tone."

Mzee akakagua mpaka pindo la gauni, asione hata moja. Honi ikalia tena. Akaenda getini, akasukuma komeo, akamfungia mnunuzi nje.