Mche Uliolala Chumba cha Wageni

Zamani, wanyama walipokuwa bado wakiotesha miti, Nungunungu alikuwa na kitalu cha misonobari alichokitunza kama mboni ya jicho. Siku moja shemeji yake Mbega, mpenda fahari, alipiga hodi akiwa na mche wa msonobari kutoka nchi ya mbali.

"Shemeji, zawadi! Uweke katikati ya wenzake, upendeze."

Nungunungu alishukuru sana, kisha akaupeleka mche kwenye kibanda cha peke yake, nyuma ya nyumba.

Mbega akanuna. "Unanidharau? Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Ndiyo, shemeji. Hawakusema mwenyeji augue. Leo mgeni apate chumba chake; nikishamjua, atalala na wanangu."

Mbega akaondoka bila hata kunywa uji. Jambo hilo lilimuuma Nungunungu, lakini mche hakuuhamisha.

Mvua zilipokwisha, Mbega alirudi kichwa chini. Kibandani mche ule ulikuwa umekauka, majani mekundu kama kutu. Kitaluni, kijani kitupu.

"Ndugu za mche huu niliwapanda katikati ya miche yangu," Mbega akasema. "Wameiambukiza yote. Nimeing'oa, nimeichoma moto."

Nungunungu hakumcheka. Alimpa uji, wakanywa wakashiba, kisha akamfungia miche mizuri ya kuanzia upya.

Mbega alifurahi hata mkia ukacheza. "Hii naipanda leo leo, katikati ya kitalu!"

"Jenga kibanda kwanza, shemeji," Nungunungu akasema. "Hata hii yangu, kwako ni wageni."