Kidole cha Bi Mbeleje

Siku ya uchaguzi bomba la kijiji hujifunga alfajiri, na halifunguki mpaka kila mtu mzima awe amepiga kura. Ndiyo maana Nyemo alipomkuta mama yake amekata roho, hakulia. Aliuchovya mkono wa marehemu katika maji ya moto, ili mashine ya kura ikubali kidole chake.

Mchana balozi wa nyumba kumi alifika na wanaume wenye machela.

"Tumebakiza mama yako tu. Anaendeleaje?" aliuliza, akiukwepa uso wa Nyemo.

"Amelala, mzee."

"Basi mfunike vizuri mkono, usipoe njiani."

"Lakini mama ni mpinzani. Nibonyeze chama chake, au chenu?"

"Chake, mwanangu. Kiu haina chama."

Kituoni Nyemo aliunyanyua ule mkono. Kabla kidole hakijagusa kioo, taa ya kijani iliwaka.

"Asante, Bi Mbeleje," mashine ilisema. "Kura yako kwa chama tawala imepokelewa."

Nje, ndoo zilianza kugongana bombani.

"Nani amempigia?" Nyemo aliuliza.

Balozi alimziba mdomo kwa kiganja. Macho yake yalikuwa kwenye mashine.