Jina la Mwisho Kitabuni

Kwetu mtoto hachanjwi kimyakimya. Kabla ya sindano, nesi hufungua kitabu cha Shirika lililotuletea chanjo na kusoma jina la mtoto mmoja aliyekufa kwa surua, enzi zile chanjo haijatufikia. Mama hulirudia kwa sauti, na jina hilo linakuwa la pili la mwanawe. Wangu wakubwa wawili wanayo hayo majina, na kila nikiwaita kula nashukuru.

Jana ilikuwa zamu ya kitindamimba wangu. Nesi Felisia akasoma, "Mashaka Kidunda, miaka mitatu, wa Dumila."

Mama mkwe wangu, Bi Sikuzani, akaangusha mkoba. "Huyo kaka yangu! Nilikuwa nalala naye mkeka mmoja." Nililirudia jina, sindano ikapita, naye akampokea mtoto na kuubusu ule mkono. "Asanteni. Asanteni jamani. Mashaka karudi nyumbani."

Tulilia wote, hata nesi. Kisha akafunga kitabu.

"Lilikuwa la mwisho," akasema. "Miaka hamsini hajafa mwingine. Kuanzia sasa watachanjwa bila jina."

Chumba kizima kilipiga vigelegele.

Aliyefuata kwenye foleni alikuwa jirani yangu Zuhura, na mtoto wake wa kwanza. Nesi akamwita: "Njoo mama, wewe ni sindano ya surua tu, hakuna jina la kusomewa."

Zuhura hakuinuka. Alimfunika mwanawe kwa kanga, akatutazama.

"Surua ndiyo nini?" akauliza. "Kwani ni lazima?"